Nani Ataipiga Ala ya Katuni Ikijengwa Nairobi?

Swali la kama ala ya muziki iliyochorwa kwenye katuni inaweza kujengwa na kulia kweli limeshajibiwa, tena kwa njia ya kuchekesha. Mwaka 2001 kampuni ya Marekani iitwayo Animusic, yake Wayne Lytle, ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi za kompyuta ambazo hazina binadamu hata mmoja: ni ala tupu zinazojipiga. Iliyopendwa sana ni "Pipe Dream". Humo mipira midogo hufyatuliwa kutoka kwenye midomo ya mabomba, ikapaa, ikatua juu ya ngoma, nyuzi na vipande vya marimba, kila mmoja mahali pake na kwa wakati wake, bila hata mmoja kukosea. Baadaye barua pepe ilizunguka duniani ikidai kwamba mashine ile ipo, kwamba imejengwa Chuo Kikuu cha Iowa kwa vipuri vya mitambo ya kilimo, na kwamba kuipanga na kuilinganisha sauti kulichukua saa 13,029. Ulikuwa uzushi mtupu, ingawa hiyo tisa ya mwisho iliwashawishi wengi. Lakini mapema katika miaka ya 2010 kampuni ya Intel, ikitaka kuonyesha kile ambacho vichakataji vyake vinaweza kufanya viwandani, iligharamia mashine halisi iliyofuata wazo lile, yenye mipira zaidi ya 2,000, nayo ikacheza mbele ya watu. Basi inawezekana. Linalobaki kuulizwa ni mji kama Nairobi, wenye mafundi tele na ala za asili za kila kabila, ungepata nini kwa kujenga kitu cha namna hiyo, na kwa masharti gani. Maoni yangu ni kwamba inafaa kijengwe, ila kwa sharti moja zito: kiwe ala ya mpigaji, si onyesho la kamera. Na kama ni hivyo, mtu wa kwanza kuajiriwa hapaswi kuwa mhandisi.

Tuanze na namna katuni yenyewe ilivyotengenezwa, maana hapo ndipo mtego ulipo. Lytle hakuchora mipira kisha akatafuta sauti ya kuambatana nayo. Alitunga muziki kwanza, akaulisha kwenye programu aliyoiandika mwenyewe, MIDImotion, na programu hiyo ikapiga hesabu kinyumenyume: kama noti inalia sekunde ya kumi, mpira wake lazima utoke bombani lini ili ufike wakati huo? Mchoro ulifuata sauti. Katika dunia yetu mambo huenda upande wa pili. Mpira ulioachiwa kutoka kimo cha mita moja huchukua kama sekunde 0.45 kufika chini. Ukiachiwa kutoka nusu mita, sekunde 0.32. Tofauti hiyo ya sekunde 0.13 sikio huitambua mara moja kama kosa la mdundo, na hapo bado hatujataja upepo, mpira uliochakaa upande mmoja, wala mipira miwili inayogongana hewani. Msweden Martin Molin wa kundi la Wintergatan aliyajua haya kwa jasho. Mashine yake ya gololi 2,000, iliyotengenezwa kwa mbao na kuzungushwa kwa mkono, ilitikisa mtandao mwaka 2016 kwa video moja. Alipoanza kujenga ya pili, mashine ya kwenda nayo jukwaani usiku hadi usiku, alihangaika nayo kwa miaka kisha akaiacha, kwa kuwa haikuaminika. Video moja nzuri inaweza kupatikana kwa kurudia mara mia. Jukwaani hakuna kurudia.

Kwa hiyo uwezo wa kugeuza picha kuwa chuma si tatizo, na Nairobi inao kuliko miji mingi. Anayeshuku aangalie matatu. Kanuni za Michuki za kudhibiti matatu zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, magari yote yalilazimishwa kuvaa mstari wa manjano na kunyamaza. Miaka kumi baadaye michoro iliporuhusiwa tena, nganya, yaani matatu yaliyopambwa, zilirudi kwa kishindo. Mwenye gari huja kwa fundi wa bodi na picha kwenye simu: sura ya shujaa wa filamu, gari la katuni, taa alizoziona kwenye video ya mwanamuziki. Fundi hana mchoro wa kihandisi. Ana mabati, mashine ya kuchomelea, na jicho. Baada ya wiki kadhaa ile picha inashuka Ngong Road ikiwa na tani kadhaa, spika chini ya viti, skrini juu ya vichwa vya abiria, na umeme wote ukipita kwenye nyaya ambazo mtu mmoja tu ndiye anayejua zinakoelekea. Hii ndiyo kazi ya kujenga kilichoonekana kwenye skrini, na hufanywa hapa bila semina wala ruzuku. Ukitaka mota ndogo na bodi za kompyuta za kuamrisha valvu, zipo Luthuli Avenue. Springi, beringi na mabomba ya shaba yapo Kirinyaga Road. Meza na fremu ya mbao, seremala wa kando ya Ngong Road kuelekea Dagoretti Corner anaijenga ukisubiri, karibu. Kwa vipande vinavyotaka usahihi wa nusu milimita kuna karakana ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuna Gearbox, karakana iliyochipuka kutoka mazingira ya kitovu cha teknolojia cha iHub wakati Ngong Road ilikuwa ndiyo mtaa wa vijana wa teknolojia.

Lakini nganya haihitaji kulia katika ufunguo fulani. Spika yake hucheza sauti iliyorekodiwa na mtu mwingine. Ala inataka zaidi, na ni hapa mradi wa aina hii hufia. Chukua bomba la plastiki la maji, lililozibwa upande mmoja. Ili litoe ile A ya hezi 440 ambayo okestra hulinganisha kwayo, linahitaji urefu wa kama sentimita 19, kabla ya kupunguza kidogo kwa ajili ya upana wa mdomo wake. Ili litoe C iliyo katikati ya piano, kama sentimita 33. Hesabu hiyo mwanafunzi wa fizikia anaiweza. Sasa weka kando yake kipande cha chuma cha marimba. Ukikikata nusu, sauti haipandi oktava moja kama mtu angedhani, inapanda mbili. Fundi anayekata kwa kukisia hapo ataharibu chuma kingi. Halafu kuna hali ya hewa. Kasi ya sauti hewani hutegemea joto, na Nairobi asubuhi ya Julai inaweza kuwa nyuzi 12, mchana wa Februari nyuzi 26 au zaidi. Kati ya hizo mbili, sauti ya bomba hupanda kwa kiasi kinachokaribia robo toni. Chuma hakisogei hivyo. Maana yake mashine iliyochanganya mabomba na chuma, kama ile ya kwenye katuni, italingana asubuhi na kugombana mchana, na ngozi ya ngoma, ambayo hulegea kwa unyevu wa masika, itakuwa na msimamo wake wa tatu. Kwenye katuni hakuna hewa. Ndiyo maana kila kitu kinalingana.

Nani katika mji huu huishi na matatizo haya kila siku? Si mhandisi wa kompyuta. Ni mtengenezaji wa nyatiti, wa orutu, wa obokano, wa ngoma. Nyatiti ya Wajaluo inatosha kuwa mfano, maana ni ala yenye uhandisi uliofichika. Bakuli lake huchongwa kutoka gogo moja na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Nyuzi nane, nne kwa nne, zilizokuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi ni uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Hukazwa juu kwenye mti wa kukingama, na mpigaji huzisogeza huku akisikiliza, mpaka zilingane naye, yaani na koo lake siku hiyo. Hakai kwenye kiti cha jukwaani bali kwenye kigoda cha chini, ala ikiwa imelala ubavuni. Kidole gumba cha mguu wa kulia huvaa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga mti wa ala; njuga, gara, hufungwa mguuni. Mtu mmoja, basi, anapiga nyuzi kwa mikono miwili, mdundo kwa kidole cha mguu, manyanga kwa mguu huohuo, na anaimba. Ukimwonyesha mtu ambaye hajawahi kuiona picha tu ya mpangilio huo, angeweza kuamini kwamba imetoka kwenye katuni. Na kayamba la pwani, mbegu zinazoteremka ndani ya mabua yaliyofungwa pamoja, ni wazo lilelile la "Pipe Dream" katika umbo la kushikwa mkononi: vitu vidogo vinaanguka, kuanguka kwenyewe kunakuwa mdundo. Tofauti ni kwamba kayamba lina mtu anayeliinamisha.

Tofauti hiyo ndiyo pingamizi kubwa zaidi dhidi ya mradi wote, na sitaki kuipita haraka. Mtu anaweza kusema: mashine inayojipiga si ala. Ni santuri yenye miguu. Kinachofanya nyatiti kuwa nyatiti ni kwamba mpigaji anaweza kuchelewesha noti kwa sababu msikilizaji fulani ameingia, akamtaja jina, akamsifu, akapandisha mdundo pale bibi harusi anapoinuka. Mashine iliyopangiwa wimbo haijui kwamba bibi harusi ameinuka. Hoja hii ni ya kweli, na sioni namna ya kuikwepa isipokuwa kuikubali na kuifanya kuwa sharti la ujenzi. Mashine ya Intel ilikuwa na kazi ya kuonyesha vichakataji, ikaifanya. Haikuwa na deni kwa mwanamuziki yeyote. Ya Nairobi iwe na mahali pa mkono. Kompyuta ishike yale ambayo mkono hauwezi, kama kuachia mipira ishirini kwa sekunde tatu, lakini wakati wa kuachia uamuliwe na mtu anayegusa kitu: kibao, kanyagio, pete ya mguuni. Piano nayo ni mashine; kati ya kidole na uzi kuna nyundo, wenzo na springi ambazo mpigaji hazigusi kamwe. Hakuna anayesema mpiga piano hapigi. Mpaka, basi, haupo kati ya mashine na ala. Upo kati ya kifaa kinachomtii mtu papo hapo na kile kinachotii faili. Kibao cha kupiga kikiwekwa, mradi unakuwa mgumu mara mbili na ghali zaidi, kwa kuwa mpira unaoanguka huchelewa na mpigaji lazima ajifunze kugonga mapema. Wapiga kinanda cha kanisa kikubwa wanaishi na ucheleweshaji huo. Unajifunzika.

Wapo watakaopinga kwa upande mwingine kabisa. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wandindi ya Wakikuyu, ile fidla ya uzi mmoja, ni nadra kusikika hata Kikuyu na Dagoretti, ilikopaswa kuwa nyumbani. Katika hali hiyo, watasema, kumwaga pesa kwenye mtambo wa katuni ya Wamarekani ni sawa na kununua televisheni nyumba ikivuja. Nakubali nusu. Nusu nisiyoikubali ni ile inayodhani kwamba ala ya asili hulindwa kwa kuachwa ilivyo. Uzi wa nailoni ulipoingia kwenye nyatiti hakuna kamati iliyoketi. Wapigaji waliona unadumu, wakaufunga. Ayub Ogada aliitoa nyatiti kwenye arusi akaipeleka kwenye majukwaa ya Ulaya, na wimbo wake ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005, ambayo sehemu yake ilipigwa hapahapa Nairobi. Ala hizi zimekaa kwa kubadilika. Kinachoziua ni kukosa mtu wa kulipwa kwa kuzitengeneza. Mradi wa ala mpya unaomlipa mtengenezaji wa nyatiti ada ya mtaalamu, kwa saa zake za kulinganisha ngozi na nyuzi, ungemfaa zaidi kuliko tamasha linalompa nauli, fulana na soda.

Hapo ndipo mfano wa Paracho unapostahili kutazamwa. Filamu ya Coco ya Pixar, ya mwaka 2017, inazunguka gita jeupe lenye kichwa cha fuvu. Gita lile lilisanifiwa na Germán Vázquez Rubio, mtengenezaji wa magita wa Los Angeles aliyezaliwa Paracho, mji mdogo wa jimbo la Michoacán nchini Meksiko. Filamu ilipotoka, watu walilitaka gita lenyewe, na mafundi wa Paracho wakawatengenezea. Katuni haikuwafundisha kutengeneza magita. Walikuwa wakiyatengeneza vizazi na vizazi. Filamu iliwaletea wateja mlangoni. Kama mji ule haungekuwa na karakana, faida yote ingekwenda kiwandani Asia pamoja na wanasesere na mikoba ya shule. Kwetu hesabu hiyo ni chungu zaidi, kwa kuwa hata mbao bora ya ala tunayo ukanda huu. Mpingo wa kusini mwa Tanzania huenda Ulaya ukawa klarineti, kisha klarineti hiyo hurudi Nairobi ikiwa na bei ambayo shule ya upili ya Kangemi haiwezi kuiota. Tunauza gogo, tunanunua noti.

Na katuni si lazima itoke ng'ambo. Tinga Tinga Tales, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2010 na kufikisha vipindi 52, ilichorwa Nairobi na vijana wa Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Uingereza, ikiazima rangi za wachoraji wa Dar es Salaam waliomfuata Edward Saidi Tingatinga, na muziki wake ulipitia mikononi mwa Eric Wainaina. Kwame Nyong'o alitengeneza The Legend of Ngong Hills mwaka 2011 kutokana na hekaya ya Wamaasai kuhusu vilima ambavyo mkazi wa Karen huviona akifungua dirisha. Super Sema ya kampuni ya Kukua, mwaka 2021, ina msichana anayetatua kila balaa kwa kubuni kifaa. Wachoraji wapo, wanamuziki wapo, na wako umbali wa matatu moja, mbili. Ningeshauri mradi uanzie kwa hao, si kwa Animusic. Sababu moja ni ya kisheria: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda mchoro na muziki wenyewe, si wazo la mpira kuangukia ngoma, lakini anayenakili umbo la mashine ya mwingine hadi taa zake anatafuta kesi. Sababu nyingine ina uzito kuliko hiyo. Mchoraji na fundi wakikaa meza moja tangu mwanzo, ala itachorwa ikiwa tayari inawezekana. Vázquez Rubio alikuwepo kabla gita la Coco halijapakwa rangi kwenye skrini, ndiyo maana gita hilo linapigika.

Kuhusu gharama nitasema machache, kwa kuwa wanaoitaja kwanza huwa hawajauliza bei. Mabomba ya plastiki, vyuma, mipira na mota si vitu vya kufilisi taasisi. Kinachogharimu ni muda: wiki za kulinganisha sauti, kuvunja na kurudia, watu watatu au wanne wenye ujuzi wasioweza kufanya kazi nyingine wakati huo. Muda huo hautaonekana kwenye picha ya uzinduzi, na wafadhili wetu wanapenda picha ya uzinduzi. Shule nazo zimezoea njia ya mkato. Tangu mtaala wa umilisi uanze, kila mzazi wa Nairobi amewahi kutafuta chupa ya plastiki saa tatu usiku, akaitia maharagwe, akaifunga kwa gundi, ili mtoto apeleke "ala" asubuhi. Mwalimu huitia alama, kesho yake iko kwenye pipa. Kosa si la mzazi wala la mwalimu. Mtaala uliomba kifaa, haukuomba sauti. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioingia shule za upili Januari 2026, wakiwemo waliochagua njia ya sanaa na michezo, watahitaji kitu kigumu kidogo kuliko chupa ya maharagwe, na wale wa njia ya sayansi watahitaji sababu ya kupima urefu wa bomba.

Mahali pa kuiweka mashine hiyo pasitatize. Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka 1944, iko katikati ya jiji. Kenya National Theatre iko hapohapo jirani. Bomas of Kenya, Lang'ata, imekuwa ikihifadhi ngoma za makabila tangu miaka ya 1970. Chuo cha ufundi chochote kati ya hapo na Kawangware kinaweza kutoa karakana. Ushauri wangu kwa yeyote atakayeandika ombi la fedha ni huu: kwenye ukurasa wa kwanza asiweke picha ya mashine. Aweke jina la mpigaji atakayeipiga, jina la mtengenezaji wa ala atakayelipwa, na kiasi atakacholipwa. Kisha Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lina historia tangu mwaka 1927 na huwashindanisha wapigaji wa ala za asili kila mwaka, liiandikie ala hiyo kipengele chake, na wanafunzi waanze kuitungia. Ikipita miaka miwili bila wimbo mmoja ulioandikwa kwa ajili yake, ivunjwe, vyuma virudi Kirinyaga Road.